Mgonjwa wa Kumi na Saba

Barua ya mwaliko Profesa Aïcha Assani aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, ingawa katibu wa kitivo alikuwepo na mashine yake. Alimwomba Profesa Valère, bingwa wa virusi kutoka mji mkuu, aje Kindu kuongoza jopo la watu watatu litakalomsikiliza Gentille akitetea tasnifu yake ya udaktari. Alipomaliza aliisoma mara mbili, akafuta neno moja la sifa lililozidi, akatia sahihi. Alikuwa amengoja kuiandika barua ile kwa miaka kumi na tisa.

Valère angestaafu mwisho wa mwaka. Baada ya hapo hakuna jopo tena, wala ukumbi, wala kumbukumbu ya kikao yenye sahihi yake. Ikiwa alitakiwa kusema uongo wake mbele za watu kwa kinywa chake mwenyewe, ilikuwa sasa au basi.

Uongo wenyewe ulianza mwaka 2002, wakati wa vita, mji wa Kindu ulipokuwa umezingirwa. Msitu ulikuwa na wenye silaha wake na mji ulikuwa na wake, na aliyetoka kwenda kuchimba muhogo hakujua kama angerudi. Chumvi ililetwa na ndege, kwa hiyo ililiwa na wenye jamaa uwanjani. Aïcha alikuwa na miaka ishirini na saba, akifundisha biolojia katika shule moja ya mtaa wa Mikelenge, lakini shule ilikuwa imefungwa. Mumewe, Okito, alikuwa fundi wa maabara katika zahanati. Darubini aliijua kwa kusoma vitabu viwili vya zamani na kuuliza sana.

Wanawake waliofika kwa miguu kutoka Kailo walileta habari ya ugonjwa wa vipele vinavyojaa usaha, na matezi yanayovimba shingoni. Okito akasema hiyo si tetekuwanga, ni ndui ya nyani. Akaenda. Wenye silaha wa pande zote mbili walimpitisha, maana wote walikuwa na watoto wenye homa. Alikwenda mara tano. Kila mgonjwa aliyeanza kupona alimbandua gaga moja la kidonda, akalitia katika chupa ndogo iliyokwisha dawa ya penisilini, akafunga kwa plasta. Umeme haukuwepo, lakini gaga kavu halihitaji barafu. Ukilikinga na unyevu na jua, virusi vinakaa humo kama nafaka ghalani. Jioni Aïcha alinakili katika daftari: namba, jina, umri, kijiji, vidonda viko wapi.

Okito alikuwa na kawaida yake moja. Katika kila mfululizo wa chupa alitia moja isiyo ya mgonjwa, akaiita shahidi. Kama maabara ya mbali ingejibu kwamba hata shahidi ana ndui, basi maabara hiyo haikupima, imeandika tu. Na ili shahidi asijulikane, alimpa jina la mtu, umri na kijiji, kama wengine wote. Namba ya chupa ya shahidi iliandikwa kwenye karatasi ya peke yake, na karatasi hiyo haikusafiri na chupa hata siku moja.

Mfululizo wa safari hizo tano ulifika chupa ishirini na tatu. Shahidi alikuwa namba kumi na saba: msichana wa miaka sita, wa Kailo, vidonda mdomoni. Gaga lenyewe lilitoka kwenye mdomo wa mbuzi wa mzee mmoja aitwaye Bulaimu. Mbuzi hupata vidonda vya mdomo ambavyo, vikikauka, hata fundi mzuri anaweza kudanganyika navyo kwa macho.

"Unamupa jina gani?" Aïcha alikuwa amemuuliza, kalamu mkononi.

"Anne. Ana sura ya Anne."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Katika safari ya tano Okito alipigwa risasi ya paja. Chupa zilifika salama, yeye alifika juu ya baiskeli ya mtu. Hospitali haikuwa na damu wala dawa ya usingizi. Siku ya tatu alikuja daktari wa makamo wa shirika la msaada, Valère, aliyekuwa ameshasikia habari ya chupa. Alikaa kitandani pa mgonjwa kwa adabu, akasema ndege inaondoka saa nane. Atachukua sanduku na daftari ili vipimwe Ulaya, kisha atarudi na machela kumchukua Okito mwenyewe. Jina la Okito, alisema, litaandikwa la kwanza kwenye ripoti.

Okito alimwambia mkewe amvalishe viatu. Saa nane waliisikia ndege ikipita juu ya mto. Alikaa na viatu vyake hadi jioni, akisema labda kuna ya pili. Alikufa baada ya siku tisa.

Inawezekana ndege ilijaa. Inawezekana rubani alikataa machela. Aïcha alikuwa amejipa nafasi ya kufikiri hivyo, miaka mitatu mizima, na pengine angeendelea kufikiri hivyo hadi leo. Lakini mwaka 2005, akiwa mwanafunzi Kisangani, alifungua jarida moja la tiba katika maktaba na kukuta makala ya Valère juu ya wagonjwa ishirini na watatu wa jimbo lao la Maniema. Mwandishi alisema aliwatembelea mwenyewe, kwa miguu, vita ikiwaka. Jina la Okito halikuwepo, hata chini, hata kwa herufi ndogo. Na katika jedwali, mstari wa kumi na saba, alikuwepo msichana wa miaka sita wa Kailo. Amepimwa. Ana ndui ya nyani. Amepona.

Alimwandikia Valère barua tatu. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa na karani wake: profesa anampa pole mjane, na anaelewa kwamba huzuni huchanganya kumbukumbu.

Hapo ndipo Aïcha alipoamua kujua virusi kuliko yule mtu.

Alisoma kama mtu anayechimba. Shahada ya kwanza, ya pili, kisha miaka mitano nje ya nchi katika baridi asiyoizoea. Huko aliipima nusu ya lile gaga, ambayo Okito aliibakiza pamoja na karatasi yake: virusi vya mbuzi, na ngozi ya mbuzi. Walimpa kazi huko, akaikataa, akarudi Kindu kufundisha katika chuo ambacho friji yake ililala bila umeme siku mbili kwa wiki. Wenzake walidhani ni uzalendo. Hakuwasahihisha.

Kila mwaka somo lake la kwanza lilikuwa moja. Aliwagawia wanafunzi mirija mitano na kuwaomba waandike rangi wanayoiona baada ya kutia dawa. Mmoja ulikuwa maji matupu, haubadiliki hata ukiuombea. Kila mwaka nusu ya darasa iliandika kwamba umebadilika. "Umeona ao umependa kuona?" aliwauliza mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, na walioandika walichopenda walipata sifuri. Mwaka ambao Gentille aliingia, ndiye peke yake aliyeandika: "Huu wa nne haufanyi kitu, sijui kwa nini."

Gentille alitoka Kampene, binti wa mchimbaji. Alikuwa mbishi, na alipofika kwenye tasnifu ya udaktari alichagua swali zuri: mtu aliyeugua ndui ya nyani zamani, mwili wake unaikumbuka kwa miaka mingapi? Akasema atawatafuta wagonjwa ishirini na watatu wa makala ya Profesa Valère, awapime damu.

Aïcha angeweza kumwambia pale pale. Sentensi moja ingetosha: namba kumi na saba mruke. Lakini aliona mlango ukifunguka ambao hakuwahi kuufikiria. Yeye akisema, ni mjane anasema. Msichana asiyejua kitu akimtafuta mtoto yule kwa uaminifu na kumkosa, na kuandika kwamba amemkosa, Valère atalazimika kujibu.

"Ni kazi nzuri," alimwambia. "Nenda."

Gentille alikwenda. Wazima aliwakuta kumi na wanne, akawatoa damu. Waliokufa walikuwa sita, familia zao zikamwonyesha makaburi. Wawili walikuwa wamehama, akaongea nao kwa simu. Alibaki mmoja. Alimwandikia Valère kuomba daftari la zamani, akajibiwa limepotea. Akarudi Kailo kwa moto, yaani pikipiki, mpaka barabara ilipokwisha, kisha kwa miguu, akaulizia nyumba kwa nyumba, kanisa na msikiti. Alikaa miezi minne. Alirudi na malaria na kidonda cha mguu, akaketi mbele ya Aïcha na kulia kwa hasira.

"Mama Prof, ule mutoto wa miaka sita sikumupata. Watu wananiambia hakukuwako mutoto vile. Labda sikuuliza muzuri."

"Uliuliza vizuri," Aïcha alisema. "Andika ulichoona."

Usiku ule, kwa mara ya kwanza, alijiona na kidogo cha Valère ndani yake. Wazo lile alilitia mahali pake, akaendelea na kazi.

Valère alishuka kwenye ndege na fimbo, amekuwa mzee, sauti laini, anashika mkono wa kila mtu kwa mikono miwili. Alimtazama Aïcha kwa muda.

"Tumewahi kuonana, Profesa?"

"Mara moja. Ulikuwa na haraka."

Alicheka kwa adabu, asielewe.

Ukumbi ulijaa tangu asubuhi. Jamaa wa Gentille walikuja na vitenge vya namna moja, na sufuria za wali na samaki zikiwa zimefunikwa nyuma, na mikebe ya poda tayari ya kummwagia daktari mpya kichwani. Wasomi walizungumza Kifaransa, na jamaa walisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua. Gentille alizungumza dakika arobaini. Alipofika kwenye mgonjwa wa kumi na saba, alisema bila kupepesa kwamba hakumpata, wala ukoo wake, na kwa hiyo amemwondoa kwenye hesabu.

Valère aliweka miwani mezani.

"Umemuondoa mugonjwa wangu," alisema, akaacha Kifaransa na kuingia Kiswahili, kama mzee anayemkanya mjukuu mbele ya familia. "Kwa sababu gani? Kwa sababu umechoka kutembea?"

"Nilitembea, Profesa. Miezi ine."

"Miezi ine. Siye tulitembea kati ya risasi, binti yangu. Na weye, na moto na simu, unakuja kuniambia mutoto hakukuwako."

Nyuma, Mama Jeanine, shangazi yake Gentille, aliacha kufuta sufuria. Mjumbe wa tatu wa jopo, Profesa Jérémie, mkuu wa kitivo, alikuwa anaandika kumbukumbu ya kikao, kila swali na kila jibu, kama desturi ya chuo inavyotaka. Aïcha alingoja mpaka kalamu ya Jérémie ilipofika mwisho wa mstari.

"Mwenyekiti," alisema, "kabla mtahiniwa hajajibu, naomba utusaidie sote. Wewe mwenyewe ulimwona mtoto huyo?"

"Nilimuona na macho yangu."

"Wapi?"

"Kailo. Katika nyumba ya mama yake. Namukumbuka sana, maana alikuwa analia, nikamupa bonbon."

"Vidonda vilikuwa wapi?"

"Mudomoni." Aligeukia ukumbi. "Hakuweza kula. Ni ile bonbon tu alinyonya."

"Gaga ulilitoa wewe?"

"Kwa mukono wangu huu."

"Profesa Jérémie, umeandika?"

"Nimeandika," alisema Jérémie, na kwa mara ya kwanza akainua kichwa kumtazama.

Aïcha alifungua bahasha. Aliisoma karatasi ya Okito jinsi ilivyo, kwa Kiswahili cha Kindu, polepole, ili hata wa mwisho mlangoni asikie: "Chupa 17, shahidi. Jina la uongo, Anne. Gaga la mbuzi wa Papa Bulaimu, mudomo wa chini. Asiambiwe mutu wa labo." Kisha akaweka mezani matokeo ya kipimo cha ile nusu iliyobaki, yenye mihuri ya maabara mbili. Akaeleza kwa maneno machache chupa ya shahidi ni nini. Akasema chupa zote ishirini na tatu zilikusanywa na fundi Okito, mume wake, aliyekufa hapa mjini mwaka 2002 baada ya mwenyekiti kuondoka na sanduku.

Sauti ya Mama Jeanine ilitoka nyuma, si kubwa:

"Mbuzi wa Kailo alifika Ulaya, siye hata pasipoti hatuna."

Kicheko kilianzia kwake, kikapanda safu kwa safu mpaka mbele. Aïcha alimtazama Valère kikimfikia. Alitaka kuona, na aliona: shingo ilijikunja ndani ya kola, na mkono ukatafuta miwani pale pale ilipokuwa usiione. Alikuwa anaufikiria uso ule tangu Kisangani. Haukumtosha, lakini hakuyaondoa macho.

Jopo liliingia chumba cha pembeni kushauriana. Valère aliketi na kuomba maji. Jérémie akampa.

"Weye njo ule mwanamuke," Valère alisema. "Aliyekuwa anashika daftari."

"Njo mimi."

"Ndege ilijaa."

"Sikukuuliza ndege."

Alikunywa. Alipoongea tena, sauti ilikuwa imerudi kuwa laini. "Sikiliza. Mutoto wa watu ametetea vizuri. Anastahili. Lakini bila sahihi yangu kwenye pévé, ile kumbukumbu ya kikao, hakuna diploma. Toa ule ukurasa, nitie sahihi, kila mutu aende nyumbani. Ukiuacha, siandiki jina langu. Atangoja jopo lingine, miaka miwili, mitatu. Utamueleza weye."

Jérémie alikohoa. "Mama Aïcha, pengine tungeweza..."

Aïcha alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hili. Miaka kumi na tisa amepanga maswali, amepanga bahasha, amepanga hata siku, na hakuwahi kujiuliza Valère akiwa amejeruhiwa atamwuma nani. Kupitia mlango alisikia jamaa wakipiga ngoma ndogo ndogo. Alijua jibu lake. Angeuacha ukurasa. Angemwacha Gentille angoje, na angelala usingizi. Alijua pia kwamba jibu hilo halikuwa lake kulitoa.

Akafungua mlango, akamwita Gentille ndani, akamweleza mbele ya wote wawili, bila kupunguza.

Gentille hakumtazama Valère. Alimtazama yeye.

"Mama Prof, weye ulijua ni mbuzi?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujajua kusoma."

"Mbele ya miye kwenda Kailo, ulijua."

"Ndiyo."

"Nililala njiani na homa. Nilipiga hodi kwa watu wenye maiti ndani, nikiwauliza mutoto wa miaka sita." Alisema polepole, kama anayehesabu tena wagonjwa wake. "Ulitaka nimukose vizuri."

"Nilitaka umkose vizuri," Aïcha alisema. "Ndiyo. Ukurasa ni wako. Sema utoke, utatoka."

Nje mtu alianza wimbo, akanyamazishwa.

"Ubakie," Gentille alisema mwishoni. "Niliandika nilichoona. Sitafuta." Ndipo alipomgeukia mzee. "Profesa, ukikataa kutia sahihi, utaandika sababu. Kanuni inasema vile. Na sababu ni ule ukurasa."

Jérémie alifungua kitabu cha kanuni, akaupata mstari, akauonyesha kwa kidole. Valère aliusoma muda mrefu kuliko urefu wake. Kisha akachukua kalamu. Kwenye kila ukurasa aliweka sahihi ndogo, na kwenye ule wenye bonbon na mdomo na mkono wake huu, mkono ulisimama, ukaenda, ukamaliza. Aïcha aliihesabu kila herufi ya jina lile ikiandikwa chini ya uongo wake. Nakala moja ingebaki chuoni, moja wizarani, na moja angeituma yeye mwenyewe kwa jarida.

Mzee alitoka kwa mlango wa nyuma, akimwachia Jérémie asome matokeo. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Gentille alikuwa bado amesimama karibu na meza.

"Nitaandika makala," alimwambia Aïcha. "Wagonjwa ishirini na wawili. Jina la mume wako litakuwa la kwanza, mbele ya langu."

Aïcha aliitikia kwa kichwa.

"La kwako halitakuwepo," Gentille alisema. "Hata chini."

Alisema bila ukali, kama mtu anayesoma tokeo la kipimo. Aïcha alitafuta neno la kujitetea, na maneno yalikuwepo, mengi, ya miaka mingi. Aliyaacha.

"Andika hivyo," alisema.

Gentille alitoka kwenda kwa watu wake. Mlango ulibaki wazi, na Aïcha akamwona Mama Jeanine akimwinulia mkebe wa poda, nywele nyeusi zikigeuka nyeupe, msichana akifumba macho na kucheka. Akakusanya karatasi zake mezani. Ya Okito aliitia juu.